Mista Sijui

Kwetu Damanhuri, Misri, mwalimu wa hesabu ni Ustadhi, wa Kiarabu ni Ustadhi, wa jiografia naye Ustadhi, lakini wa Kiingereza ni Mista. Ni Mista darasani, ni Mista kwa kinyozi, ni Mista kwa muuza figili, na siku akifa watu husema twende tukamzike Mista. Huyu wetu, Wasfi Abunaga, alikuwa na jina la nyongeza ambalo hakulipenda wala hakulikataa. Mji mzima ulimwita Mista Sijui.

Alilipata kwa haki. Ukimwuliza jambo la Kiingereza, kubwa au dogo, alishika kidevu, akatazama dari, na kama moyo wake haukutulia alikwambia, "Sijui. Njoo kesho." Wala hakuwa akikufukuza. Kesho yake ukifika ulimkuta amekwisha kupekua kamusi zake, na kamusi zikimwangusha alipanda treni hadi Iskandaria, akakaa maktabani mpaka wakamzimia taa. Jibu alilokupa baada ya hapo ungeweza kujenga nyumba juu yake.

Ugonjwa huo aliurithi kwa baba yake, Sheikh Abunaga, aliyekuwa imamu wa msikiti mdogo karibu na kiwanda cha kuchambua pamba. Watu walimletea sheikh maswali ya talaka na mirathi, naye nusu ya maswali aliyarudisha kama yalivyokuja. Alikuwa akisema, kama wasemavyo watu wa elimu, kwamba aliyesema sijui naye ametoa fatwa. Mzee yule aliogopa asije akamhalalishia mtu mke wa mwenzake. Mwanawe akaichukua hofu ileile, nzima nzima, akaipeleka kwenye umoja na wingi wa Waingereza. Ungedhani malaika Munkari na Nakiri watamkalisha kaburini wamwulize vihusishi.

Nasi watu wa Damanhuri tunajua kuuliza. Kuuliza si ujinga, na sisi ujinga hatuutaki, basi tunauliza mpaka tunakera. Kinyozi alitaka kujua kwa nini kondoo mmoja na kondoo mia, ambao Kiarabu chetu kinawatenganisha, Waingereza wamewapa jina lilelile, wanahesabuje kwenye mnada. Muuza samaki aliuliza kwa nini neno lao la kisu limebebeshwa herufi mbele ambayo hakuna anayeisoma, au ni kisu cha maonyesho. Fundi viatu alikasirika kabisa aliposikia kwamba Mwingereza, tofauti na Kiarabu chetu, ana "wewe" moja tu, ya mwanamume na mwanamke, ya mzazi na ya mbwa. "Lugha gani hiyo haina adabu, Mista? Mama yako unamwita kama unavyomwita paka?" Mwenye duka la nguo alimjia na shati lililorudishwa na mteja, kifuani limeandikwa maneno ambayo mkwe wa mteja aliapa kuwa ni matusi. Mista alisema sijui, njoo kesho. Kesho yake akaleta habari kwamba ni jina la chakula cha mbwa. Shati halikununuliwa tena, lakini mkwe aliomba radhi.

Katika safari zile za Iskandaria aliandamana na binti yake, Rababu. Mke wake, Ihsani, alifariki Rababu akiwa bado anapoteza meno ya utotoni, na hapakuwa na mtu wa kumwachia. Basi mtoto alikulia kwenye treni na maktabani, akila mkate wa maharage juu ya benchi, akimfungulia baba kurasa kubwa zilizomshinda uzito. Rababu hakujifunza Kiingereza kingi kwa njia ile, na alipokuwa mkubwa aliajiriwa ofisi ya ardhi ambako Kiingereza hakihitajiki. Alichojifunza ni baba yake. Alijua kwamba mtu huyu hasemi neno asilolijua. Akimwambia supu si ya moto, alitia kijiko mdomoni bila kupuliza. Akimwambia fulani ni mtu mwema, alimsalimia fulani kwa moyo mkunjufu. Wenzake walikuwa na baba wenye magari, na Rababu alijiona ndiye aliyepata.

Kisha zikaja zama za senta. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hakanyagi tena shuleni, anakwenda senta, darasa la kulipia ghorofa ya pili juu ya duka la simu, wanafunzi mia mbili ndani ya ukumbi mmoja na mwalimu ana kipaza sauti kama muimbaji wa harusi. Serikali inamlipa Mista Wasfi afundishe madawati. Madawati yalimsikiliza vizuri sana. Mshahara wenyewe, kila mtu anaujua, ni wa kununulia vitunguu, na mwalimu asiye na wanafunzi wa nyumbani hufa njaa akiwa amevaa tai. Mista alikuwa na kikundi chake nyumbani, wasichana na wavulana wachache waliokaa kwenye makochi ya marehemu Ihsani. Kila mwaka makochi yalizidi kuonekana.

Mama mmoja alimleta mwanawe, akaketi, akakataa chai. Alikuwa na swali alilofungashiwa na dada yake kama mtego.

"Mista, niambie. Kati ya hili neno na hili, lipi linakwenda hapa?"

Mista akasoma. Akashika kidevu. "Yote mawili nimewahi kuyaona. Sijui, dada yangu. Nipe mpaka kesho."

"Kesho?" Mama akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Mtihani nao utasubiri mpaka kesho?" Akasimama, akachukua mkoba. "Simba wa Kiingereza ameulizwa hilohilo jana na binti ya dada yangu. Hakumaliza hata kulisoma, jibu hilo hapo."

"Huenda akawa amekosea."

"Huenda. Lakini hakusema sijui."

Simba huyo ni Medhati Kandili. Picha yake ilitundikwa kila kona ya mji, amekunja mikono na nyuma yake simba amepanua kinywa, na haikueleweka upesi ni nani kati yao anayefundisha. Alikuwa mwanafunzi wa Mista Wasfi, tena wa katikati, si mjinga wala si hodari. Kipaji chake kilikuwa kwingine. Alizitia kanuni za Kiingereza katika nyimbo za harusi, wanafunzi wakapiga makofi, na kila swali alilijibu kabla muulizaji hajafunga mdomo. Alipokosea hakuna aliyejua, na aliyejua alidhani ni yeye mwenyewe aliyekosea. Debe tupu haliachi kuvuma, na mji wetu unapenda mvumo.

Mista angeweza kuishi na hayo yote. Mtu wa maharage na jibini hafi haraka. Kilichomfika shingoni ni harusi ya Rababu.

Rababu alikuwa amechumbiwa na Shukri, mpimaji wa ofisi ya ardhi, kijana mpole mwenye mama asiye mpole. Miaka ilipita. Shukri alikwisha kupata nyumba, ndogo, lakini ina madirisha. Kwetu mwanamume akitoa nyumba, upande wa bibi harusi unaijaza: jiko, friji, mashine ya kufulia, mazulia, mapazia, na kabati la vioo. Hilo kabati la vioo ndilo adhabu yetu. Linajazwa sahani na vikombe ambavyo hakuna atakayevilia wala kuvinywea, vipo ili wageni waone kuwa vipo. Nimeona ndoa mbili zikivunjika kwa kabati la vioo, na wote walioachana walikuwa wakipendana. Sijui ni nani aliyetuletea balaa hili, lakini natumaini amezikwa bila sanda.

Mwaka ule mkate ulipokuwa unapigiwa foleni tangu alfajiri, Hajati Fauzia, mama yake Shukri, alikuja nyumbani kwa Mista na sanduku la basbusa, keki ya shira. Anayekuja na basbusa kubwa namna ile ana neno chungu.

"Mista Wasfi, wewe ni mtu wa heshima. Mji mzima unakujua."

"Allah akuzidishie, Hajati."

"Rababu ni binti yangu. Wallahi namwona kama niliyemzaa. Lakini watu wana midomo. Wananiuliza, kwani bi harusi ana kasoro? Mbona kila mwaka ni mwakani?"

"Jiko lipo. Mazulia yapo."

"Friji haipo. Mashine haipo. Kabati la vioo halipo. Mwanangu ataingia kwenye nyumba tupu kama msikiti?"

"Nipe muda."

"Nimekupa. Idi Kubwa hii ikipita, Mista, bora kila mtu aende na njia yake, tubaki tunasalimiana." Akasukuma sanduku mezani. "Kuleni, ni ya samli."

Rababu alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi. Alitoka akakusanya vikombe, na baba yake hakumwuliza kama amesikia. Basbusa ililiwa na majirani.

Siku chache baadaye Medhati alimfuata Mista kwenye mkahawa anaokaa alasiri, akambusu bega kama mwanafunzi mwema, akaagiza chai kwa wote wawili.

"Mwalimu wangu, nimekuja kukuomba, si kukupa. Marudio ya mwisho kabla ya mtihani yanakuja. Nimekodi ukumbi wa harusi mzima. Mimi sauti imekwisha, nasikika kama punda wa mchuuzi. Nataka mtu mwenye mvi. Wazazi wanapenda mvi."

"Una vijana wako."

"Vijana wangu wanajua nyimbo. Maswali ya watoto yananitia jasho. Wewe ukikaa pale mbele, wakakuuliza, ukawajibu, mji wote utasema Kandili amemleta bingwa. Na utakachopata, Mista, kitaondoa aibu zote. Sisemi zaidi, mimi ni mtoto wako."

Basi mji mzima ulijua habari ya friji. Mista akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Nitawajibu ninayoyajua."

Medhati akacheka kwa heshima. "Hapo ndipo penyewe. Lile neno lako, Mista. Naliheshimu, naapa. Lakini ndani ya ukumbi wangu halitamkwi. Mtoto akisikia sijui kutoka mdomoni mwa mwalimu, kesho yuko mtaa wa pili kwa yule anayejiita Farao wa Kiingereza, na mama yake yuko nyuma yake, na binamu zake wote."

"Na kama sijui?"

"Jibu tu. Nusu yao hawatakumbuka. Nusu watakumbuka vibaya. Kuna hasara gani?"

"Hasara ni kwamba si kweli."

"Mwalimu wangu," akasema Medhati, na safari hii sauti ilikuwa ya huruma, jambo lililomwuma Mista kuliko dharau, "hii si Kurani. Ni Kiingereza."

Mista alilipia chai yake mwenyewe, akarudi nyumbani. Alimweleza Rababu kila kitu bila kuficha, hata lile sharti. Alilieleza sharti mara mbili. Na hapa nataka niwe mkweli kwa niaba yake, kwa sababu yeye hakuwahi kulisema kwa mtu. Alikuwa akingoja. Alikuwa na hakika kwamba binti yake ataweka chini kisu cha bamia na kumwambia, usiende, baba, kabati na lioze dukani. Angemwambia hivyo asingekwenda, na Shukri angekwenda zake na mama yake, na wao wawili wangezeeka pamoja wakila maharage kwa furaha. Aliitaka sentensi ile kama mtu wa swaumu anavyotaka mwadhini.

Rababu aliendelea kukata bamia. Alikuwa amepita umri ambao shangazi huacha kuulizia harusi. Baadaye akanawa mikono, akafungua kabati, akatoa suti ya baba yake ya kijivu, akaanza kuipiga pasi.

Ukumbi wa harusi ni ukumbi wa harusi hata ukiujaza wanafunzi. Juu ya jukwaa vilikuwapo vile viti viwili vya dhahabu vya bwana na bibi harusi, na maua ya plastiki, na Medhati akamkalisha Mista kwenye kimojawapo. Watoto walijaa mpaka kwenye ngazi. Rababu alikuja kusaidia upande wa wasichana, akakaa kiti cha pembeni karibu na mlango, mkoba mapajani.

Ilianza vizuri. Maswali yalikuwa yaleyale ya kila mwaka, yale yanayomlaza kila mtoto wa Misri macho wazi: lini useme tangu na lini useme kwa muda wa, kwa nini nyumba ni neno moja na nyumbani ni lingine, kitenzi gani hugeuka na kipi ni kaidi. Mista aliyajibu kwa utulivu, na watoto waliozoea kelele wakanyamaza ili wasikie. Medhati, aliyesimama nyuma kabisa, alionekana mtu aliyenunua farasi akakuta anakwenda.

Msichana mmoja akasimama, mwembamba, miwani imeungwa kwa gundi, sauti inatetemeka. Kuna maneno mawili, alisema, yote mwalimu wao ameyatafsiri kuwa kuruhusu. Katika sentensi ile ya mtihani wa zamani, kitabu kimoja kinachagua hili, kingine kinachagua lile. Lipi, Mista? Na kwa nini?

Mista akashika kidevu. Hakujua. Lilikuwa swali zuri, swali la kupandia treni. Alihisi furaha ya zamani ikimpanda kifuani, hamu ya kwenda kutafuta. Neno lake likaja mpaka kwenye ulimi. Akatazama mbele, akamwona Medhati ameinua nyusi. Akatazama pembeni, akamwona Rababu.

Rababu alikuwa amekaza vidole kwenye mkoba. Alimjua baba yake kuliko mtu yeyote duniani, aliuona mkono ukienda kidevuni, na alijua kilichokuwa kinafuata. Macho yake yalimwomba. Mista alijaribu maisha yake yote yaliyobaki kujiaminisha kwamba hakuelewa yalikuwa yanamwomba nini, lakini alielewa.

Akaondoa mkono kidevuni. "La kwanza," akasema. "Daima la kwanza. Kwa sababu la pili ni la vitu vidogo, na la kwanza ni la mambo ya kisheria." Sababu ile aliizua palepale, ikatoka nzima, ina miguu na mikono. Akaongeza mfano. Akaongeza wa pili. Kilichomtisha ni urahisi wake. Miaka yote ile alidhani uongo ni mlima, kumbe ni mteremko, unakusukuma wenyewe.

"Andikeni hiyo," akanguruma Medhati kutoka nyuma kwa sauti yake ya punda. Kalamu mia mbili zikaandika. Yule msichana akamshukuru, uso umekunjuka, akaketi. Mtu akaanza kupiga makofi, wakapiga wote.

Walirudi nyumbani kwa miguu jua likiwa bado juu. Mista alisema ukumbi ulikuwa na joto. Rababu alisema ndiyo, joto. Walipoingia, kabla hajavua mtandio, Rababu alikwenda kwenye rafu, akashusha kamusi kubwa, ile inayohitaji mikono miwili, akaifungua juu ya meza ya chakula. Alisoma kwa kidole, polepole, kama alivyosoma utotoni. Kisha akaifunga.

"Inasemaje?" akauliza baba yake.

"Utakunywa chai au kahawa?" akasema Rababu.

"Kahawa," akajibu.

Friji ikaja. Mashine ya kufulia ikaja. Kabati la vioo lilipandishwa ghorofa ya tatu na wanaume wanne waliokuwa wakimlaani seremala kila ngazi, na Hajati Fauzia alilifungua, akahesabu sahani, akapiga kigelegele. Harusi ilifanyika baada ya Idi. Shukri alicheza vizuri kuliko watu walivyotarajia. Mista Wasfi alibusiwa mashavu yote mawili na mji mzima, akalia, na watu wakasema ni machozi ya baba, na kweli yalikuwa.

Senta haikumwachia. Mwaka uliofuata picha yake ilipanda ukutani kando ya Simba, na chini yake maandishi: Kamusi Inayotembea. Alijifunza kutosubiri. Alijibu akiwa anafuta ubao, alijibu akiwa ngazini, alijibu kwenye simu huku anakula. Mara nyingi alikuwa sahihi, maana alikuwa mtu mwenye elimu. Mara nyingine hakuwa, na hakwenda kuangalia, kwa sababu akiangalia angelazimika kurudi kusema. Ile kamusi kubwa Medhati aliiomba iwekwe juu ya meza ya jukwaani, inapendeza kwenye picha, na Mista akaipeleka. Lile jina la zamani lilikufa. Kinyozi na muuza samaki wakawa wanamletea watoto wao badala ya maswali yao, wakiwaambia wenzao, "Mista siku hizi amefunguka."

Rababu alikuja kila Ijumaa. Alipika, akapanga nguo za baba yake, wakazungumza habari za Shukri na za bei ya nyama. Alikuwa mtoto mwema kama zamani. Ila alikuwa ameacha kumwuliza vitu. Mista aliliona hilo kama mtu anavyoona kuwa saa ya ukutani imesimama, baadaye sana, akajaribu kukumbuka ni tangu lini.

Ijumaa moja alikuja uso umempauka. Alikuwa na mimba changa na kichefuchefu kilimkosesha raha. Hajati Fauzia alikuwa amempa vidonge vilivyoletwa na mwanawe mkubwa kutoka nchi za Ghuba, akamwambia vilimponya jirani yake kichefuchefu kwa siku moja. Karatasi iliyokuwa ndani ya kisanduku iliandikwa Kiingereza kitupu, kwa herufi ndogo kama mchwa.

Rababu aliikunjua ile karatasi. Halafu, labda kwa mazoea, labda kwa huruma, akaisogeza kwa baba yake, akaweka kucha chini ya neno moja refu karibu na neno la mimba ambalo alilijua.

"Hili linamaanisha nini, baba?"

Mista hakuhitaji kamusi. Neno lile alikuwa nalo tangu ugonjwa wa Ihsani, lilikuwa kwenye kila kisanduku cha dawa zake, na usiku mwingi alikuwa amelitazama akilichukia. Alilijua kama alijuavyo jina lake.

"Usivinywe," akasema. "Hapo wanasema mwenye mimba asiitumie dawa hii kabisa. Ina madhara kwa mtoto. Rudisha."

Rababu akamtazama. Hakumtazama kwa ubaya. Ungesema anamtazama mchuuzi mzuri ambaye hata hivyo mizani yake ina mashaka.

"Una hakika?"

Hakuwa amewahi kumwuliza hivyo tangu azaliwe. Mista alifungua kinywa. Angeweza kuapa, lakini siku hizi aliapa hata senta. Angeweza kumweleza habari ya mama yake na vile visanduku, na ndivyo alivyofanya, alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia yuko jukwaani: sauti ile imara, mfano wa kwanza, mfano wa pili.

"Nina hakika, binti yangu."

"Sawa, baba."

Akaikunja karatasi, akairudisha kisandukuni, akasema anashuka kununua mkate. Mkate ulikuwapo mezani.

Mista alikwenda roshani. Alimwona akivuka barabara, akikwepa pikipiki, mkono mmoja tumboni, akipita duka la mkate bila kugeuza kichwa na kuingia duka la dawa lililo mkabala. Kupitia kioo alimwona akimwonyesha mama wa duka la dawa ile karatasi, kucha chini ya neno lilelile. Mama yule akavaa miwani, akasoma, akatikisa kichwa kwa nguvu, akamnyang'anya kisanduku, akakitupa kwenye pipa lake. Rababu akaegemea kaunta, akafumba macho, na Mista aliona, hata kwa umbali ule, jinsi mabega yake yalivyoshuka kama ya mtu aliyepata jibu analoweza kuliamini. Mista alikuwa amemwambia kweli tupu, na kweli yake ilikuwa imehitaji mtu wa kuidhamini. Rababu alipotoka na kuinua kichwa kutazama juu, baba yake alikuwa amekwisha kuingia ndani, na alipofika ghorofani na mkate asiouhitaji alimkuta jikoni, amempa mgongo, anachemsha maji ya chai.